UZI: Tumbusi wanakufa kwa sumu ya fisi. Sisi tunaojitolea Kajiado tunaanzia zizini

Moran_Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kule kwenye uzi wa bei za ng'ombe kuna jamaa aliniuliza nalipwa na nani kulinda ndege anayekula mizoga. Jibu lilikuwa refu, nikaona nisiwaharibie watu biashara yao. Tuhamie hapa.

Mimi ni mfugaji wa Kajiado. Ni mmoja wa watu wanaojitolea kulinda tumbusi, wale ambao wengi wenu mnawaita tai tu. Mashirika kama Nature Kenya na The Peregrine Fund yamekuwa yakifundisha wanavijiji wa kujitolea huku Kajiado na Narok. Mafunzo unapata, fulana unapata, mshahara hakuna.

Watu hudhani kazi yetu ni kuzunguka na darubini tukihesabu ndege. Tunahesabu, ndiyo. Magenge ya Kwenia, ile miamba mirefu huku kwetu, ni moja ya mazalio makubwa ya tumbusi wa Rüppell (aina mojawapo ya tumbusi) nchini Kenya, na lazima kuwe na mtu anayejua viota vingapi vina kinda mwaka huu. Lakini kazi kubwa zaidi iko zizini, kwa mtu aliyeamka akakuta ng'ombe wake ameliwa.

Mambo huenda hivi. Fisi au simba anaingia bomani usiku, anaua. Asubuhi mwenye ng'ombe ana mzoga, ana hasira, na duka la dawa za kilimo haliko mbali kwa bodaboda. Anaupaka mzoga dawa ya wadudu. Fisi aliyekusudiwa huenda akarudi, huenda asirudi. Ila jua likishapanda na hewa ikapata joto, tumbusi wa kwanza anauona mzoga kutoka juu (hawanusi hawa, wanategemea macho), anashuka. Walio mbali wanamwona akishuka, nao wanakuja. Mzoga mmoja unaweza kukusanya ndege wengi kuliko watu wa harusi. Sumu ya fisi mmoja inamaliza ndege ambao hawajawahi kumgusa ng'ombe wa mtu akiwa hai.

Na hawazaani haraka. Tumbusi wa Rüppell hutaga yai moja tu. Kinda hukaa kiotani miezi kadhaa akilishwa na wazazi wote wawili, halafu atachukua miaka mingine mpaka naye azae. Ukimuua mzazi mmoja wakati wa kulea, kinda kule kwenye genge anakufa njaa, na huyo hayumo kwenye hesabu ya mizoga tunayookota.

Mwaka 2015 spishi nne za tumbusi wa Afrika, akiwemo huyu wa Rüppell na yule wa mgongo mweupe aliyejaa Mara, ziliingizwa kwenye daraja la mwisho la hatari la IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, yaani bado hatua moja kutoweka porini. Na utafiti uliotoka 2022, uliolinganisha hesabu za ndege walioonekana kutoka barabarani nchini Kenya kwa miaka kama 40, ulikuta spishi 19 kati ya 22 za ndege mbuai zimepungua. Ndege karani, yule mrefu wa miguu anayeua nyoka, alipungua kwa asilimia 94. Wenye umri wangu hamhitaji utafiti. Jiulizeni mara ya mwisho mlimwona lini.

Maswali karibu. Matusi pia, nimezoea.

Mgogo_Halisi

Mkuu nakuheshimu, lakini hebu tuwe wakweli. Mtu kaliwa ng'ombe watatu, ada ya mtoto imekwenda, wewe unakuja na fulana kumwambia habari za yai moja. Mimi ningekufukuza na mbwa.

Moran_Mstaafu

Wamefukuzwa wenzangu, tena si mara moja. Ndiyo maana hatuanzi na habari za ndege.

Ukifika kwa mtu wa namna hiyo unampa pole kwanza. Unakaa. Unaangalia fisi alipopenya, unashika shoka mnakata miiba mnaziba. Unamsaidia kupeleka taarifa kwa maofisa wa wanyamapori, maana Kenya sheria ya 2013 inatambua fidia kwa mifugo iliyouawa na wanyamapori, ingawa kila mtu anajua malipo yanavyokawia. Habari ya sumu inakuja baadaye, kwenye chai, na mara nyingi anaianzisha mwenyewe: "Nilitaka kutia dawa, nikakumbuka mbwa wangu." Hapo ndipo tunapozungumza.

mama_Juni

Uzi mzuri. Lakini kwetu tumbusi ni mkosi. Akitua karibu na nyumba wazee wanasema kuna mtu anaondoka. Huo ulinzi mnaufanyaje kwenye jamii yenye imani hizo?

Moran_Mstaafu

Dada, kwetu sisi mfugaji alikuwa anatumia tumbusi kujua ng'ombe aliyepotea amefia wapi. Layoni, yaani kijana mchungaji, akipoteza mnyama anaangalia juu kwanza. Kwa hiyo sikulazimika kupambana na mkosi, napambana na chupa ya dawa.

Kilifi_Kwetu

Salaam kutoka pwani. Mkosi tuulizeni sisi tulio na bundi! Huku bundi akilia juu ya paa watu wanasoma dua mpaka asubuhi. Na bado msitu wa Arabuko-Sokoke una bundi ambaye wazungu wanavuka bahari kuja kumwangalia: bundi wa Sokoke, mdogo, urefu wake hata sentimita 20 hafiki. Anapatikana pia misitu ya chini ya Usambara Mashariki huko Tanzania.

Walioubadilisha mtazamo ni vijana wa vijiji vya karibu waliojifunza kazi ya kuongoza wageni. Wanajua bundi amelala mti gani mchana. Mgeni akimwona anafurahi, kijana anapata riziki. Halafu kuna mradi wa Kipepeo pale Gede tangu 1993, watu wanafuga viwavi wa vipepeo wa msituni, na pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo) wanauzwa nje ya nchi. Yule ambaye riziki yake inatoka msituni ndiye wa kwanza kupiga kelele akisikia msumeno. Mkosi wa bundi haujaisha, nisikudanganye. Ila umepungua bei.

Moran_Mstaafu

"Umepungua bei" 😂 Hiyo naichukua, nitaitumia barazani.

Mgogo_Halisi

Bado hamjanijibu. Faida ya tumbusi kwa mfugaji ni nini? Sitaki ya watalii. Mimi watalii wanapita kwangu na vioo wamefunga.

Dokta_wa_Mifugo

Niruhusuni mimi, ndiyo kazi yangu.

Laikipia ulifanyika utafiti, ukachapishwa 2012. Waliweka mizoga, mingine tumbusi wakaifikia na mingine wakazuiwa. Pale ambapo tumbusi hawakufika, mzoga ulichukua karibu mara tatu ya muda kwisha. Wanyama wengine wala mizoga waliofika nao waliongezeka na kukaa hapo muda mrefu zaidi. Fikiria maana yake kijijini: mbwa wako, fisi na mbweha wote wamekutana mezani kwa siku nyingi. Kichaa cha mbwa na magonjwa mengine yanahitaji nini zaidi ya mkutano kama huo?

Tumbo la tumbusi lina asidi kali mno, inaua vimelea vingi ambavyo mbwa angetembea navyo. Anamaliza mzoga upesi kisha anaondoka na mabaya yake.

Wahindi wamejifunza kwa gharama. Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi wao waliporomoka, spishi moja ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Chanzo hakikuwa sumu ya kutegwa. Ilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo ng'ombe alichomwa, akafa, akaliwa, na figo za tumbusi zikashindwa kabisa. India ilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo 2006. Wachumi wawili waliochapisha 2024 wamekadiria kwamba kutoweka kwa tumbusi kulichangia vifo vya ziada vya watu kama nusu milioni kati ya 2000 na 2005, kwa maji machafu na mbwa walioongezeka. Hayo ni makadirio, na wengine watabishana nayo. Lakini kama unataka faida isiyo ya watalii, ndiyo hiyo.

Na kwa wafugaji mlioko hapa: mnyama akihitaji dawa ya maumivu, mwambie daktari wako akupe meloksikamu. Imepimwa kwa tumbusi na haiwadhuru. Diklofenaki ya binadamu msiwachome ng'ombe, hata kama jirani kasema inafanya kazi.

Mgogo_Halisi

Sawa dokta. Hapo umenigusa, mwaka juzi kijijini kwetu mtoto aliumwa na mbwa mwenye kichaa. Endeleeni, nasoma.

BintiRuaha

Jamani hili la sumu lipo kwetu pia. Februari 2018 karibu na Hifadhi ya Ruaha walikutwa simba sita wamekufa kwa sumu na tumbusi makumi pembeni yao. Watu mitandaoni walilia simba. Tumbusi walitajwa mwisho wa sentensi.

Huku tuna kifuta jasho na kifuta machozi kwa mujibu wa kanuni, lakini jina linajieleza, hakifidii ng'ombe. Mtoa mada, hebu tueleze hilo boma lenyewe mnalijengaje, maana naona ndiko mzizi uliko.

Moran_Mstaafu

Ndiko hasa, dada yangu.

Boma la miiba la zamani lilijengwa kuwazuia ng'ombe wasitoke. Fisi anatafuta tundu, simba anawatisha kwa nje mpaka ng'ombe wenyewe wanavunja ua na kumwendea. Kwa hiyo boma zuri ni lile ambalo ng'ombe hawaoni nje na hawawezi kulivunja. Waya wa wavu, nguzo zisizooza upesi, na mlango. Mlango ndiyo siri. Utakuta mtu kazungushia waya wa pesa nyingi, halafu mlangoni kaburuta tawi la mgunga.

Taa za kumulika nazo zinasaidia, hasa kwa simba. Zilianzia hapa Kajiado, Kitengela, kwa kijana Richard Turere aliyeunganisha betri na balbu ziwe zinawaka kwa zamu kuzunguka boma la baba yake, simba wakadhani kuna mtu anatembea na tochi. Dunia ilimsikia 2013. Taa peke yake fisi huzizoea, sisi tunashauri ziende pamoja na ua imara.

Mbwa wawili watatu wanaobweka. Mbuzi na ndama ndani kabisa, katikati. Na usiache mtoto mmoja wa miaka minane achunge mpaka magharibi. Mifugo mingi inaliwa kwa sababu imepotea malishoni ikalala nje, bomani haikufika.

Simanjiro_Kwanza

Kwa Binti wa Ruaha: njoo Simanjiro uone ukuta hai. Unapanda vigingi vya miti ya komifora, inachipua, unafunga waya wa wavu kati yake. Mti unakua, ua unazidi kuwa imara mwaka hadi mwaka, na hukati miti mipya kila msimu kurekebisha boma. Sisi wa kijiji tunachangia vigingi, kazi na sehemu ya gharama, mradi unachangia waya. Kitu cha kuchangia mwenyewe unakitunza. Baba yangu alikuwa mbishi kuliko Mgogo hapo juu, sasa anakagua ukuta wake kila jioni kama mkuu wa wilaya.

Na kuokoa miti kunawahusu hao hao ndege, au siyo mtoa mada?

Moran_Mstaafu

Kabisa. Tumbusi wa Rüppell anazaa kwenye magenge, lakini yule wa mgongo mweupe na yule mkubwa wa masikio wanajenga juu ya miti. Wanataka migunga mikubwa, mirefu, iliyotulia, na hiyo ndiyo mchoma mkaa anaipenda. Kwenye vikao vya kijiji tunaomba miti yenye viota iachwe, na ya kando ya mito iachwe yote. Wakati mwingine tunasikilizwa. Mkaa una wenyewe, na wengine wana magari makubwa kuliko ya chifu.

Ardhi ya pamoja kugawanywa nako kumetuumiza. Kila mtu anaweka uzio wake, na mtu mwenye ekari zake na deni hakatazwi kukata mti.

pilipili_ya_Shamba

Kuna swali hamjagusa. Majangili. Nimesikia wanawaua tai makusudi.

Moran_Mstaafu

Kweli. Jangili akiua ndovu, tumbusi wakizunguka juu wanawaonyesha askari mahali penyewe. Kwa hiyo anatia sumu kwenye mzoga ili wapungue kwa safari zijazo. Botswana, Juni 2019, mizoga mitatu ya ndovu iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Soma tena hiyo namba. Mizoga mitatu.

Huku kwetu sumu nyingi bado ni ya mfugaji mwenye hasira, na huyo anaongeleka. Jangili simwendei mimi na fulana yangu, hilo ni la askari.

Sikonge_Asali

Na wanaonunua vichwa? Kuna waganga wanasema ukiwa na ubongo wa tumbusi unaota namba za bahati nasibu.

Dokta_wa_Mifugo

Biashara hiyo ipo, na kwenye tathmini ya vifo vya tumbusi Afrika nzima ilishika nafasi ya pili baada ya sumu. Tahadhari kwa wateja: yule tumbusi alipatikanaje? Mara nyingi kwa mzoga wenye sumu. Unavuta au unakula kitu kilichouawa na dawa ya wadudu. Namba utaziota ukiwa wodini.

Mgogo_Halisi

😂😂 Dokta leo umeamka vizuri.

Mtoa mada, na ile mitambo ya upepo? Nilipita Kajiado nikaona mapanga makubwa yanazunguka. Ndege hawakatwi?

Moran_Mstaafu

Umeona ya Kipeto, mitambo 60. Hatari ipo, kwa sababu ndege hawa wanaangalia chini wakitafuta chakula, hawaangalii mbele. Pale wameajiri waangalizi wa maeneo hayo wanaokaa na darubini, na tumbusi akikaribia mtambo unasimamishwa. Mizoga ya mifugo iliyo karibu nayo inaondolewa ili isiwavute. Mimi nilikuwa na wasiwasi mkubwa na mradi ule, na bado nauangalia kwa jicho moja, ila heri mtambo wenye mtu wa kuuzima kuliko nguzo za stima zisizo na mtu. Nguzo zinaua kimyakimya: ndege mkubwa anatua, bawa linagusa nyaya mbili, imekwisha. Kuna namna ya kuzifunika nyaya na kuzitenganisha zaidi. Gharama ni ndogo ukifanya wakati wa kujenga, na ndiyo sababu tunang'ang'ania tuitwe kabla nguzo hazijasimama.

BintiRuaha

Swali la mwisho kwangu. Nikikuta mzoga wenye ndege waliokufa pembeni, nifanye nini? Siyo nadharia, niko porini mara kwa mara.

Moran_Mstaafu

Usiguse kwa mikono mitupu. Hilo la kwanza, na mbwa wako mfunge. Dalili za sumu: nzi wamekufa juu ya mzoga, ndege wamelala karibu kabisa nao, wengine makucha yamejikunja, na wakati mwingine utaona chembechembe za zambarau. Hizo ni za karbofurani, watu wakiijua kama Furadan. Mtengenezaji aliiondoa sokoni Kenya 2009 baada ya kelele nyingi, lakini zipo dawa nyingine za kufanya kazi hiyo hiyo.

Piga simu kwa maofisa wa wanyamapori mara moja, piga picha, shika alama ya mahali. Kisha kaa hapo. Watu wengi wanapiga simu na kuondoka, na saa hiyo tumbusi wengine wanashuka. Simama, piga kelele, ondoa ndege, funika mzoga kwa matawi ukiweza bila kuushika. Maofisa wakishachukua sampuli, mzoga na ndege wote waliokufa wanachomwa kwa kuni nyingi mpaka majivu. Kufukia tu hakutoshi, fisi anafukua.

Ukikuta tumbusi anapepesuka lakini yu hai, ana nafasi. Mweke kivulini, mfunike macho kwa kitambaa, mdomo wake uelekee mbali na uso wako, na akitapika usiguse matapishi. Dokta hapo ataeleza dawa.

Dokta_wa_Mifugo

Atropini kwa sumu za kundi hilo, maji ya mishipani, na kusafisha chakula kilichobaki kooni. Afanye daktari. Akiwahiwa mapema wengi hupona na kuruka tena. Ndani ya gari fungueni madirisha, ile harufu inawadhuru na ninyi.

BintiRuaha

Nimehifadhi yote. Asante sana kaka, na wewe dokta.

Monduli_Juu

Nimefika nimechelewa, nimesoma uzi wote. Mtoa mada, hao tumbusi wako wanavuka mpaka? Maana huku sisi tukitia sumu kazi yako yote ya Kwenia imekwenda.

Moran_Mstaafu

Wanavuka wanavyotaka. Waliofungwa vifaa vya kufuatilia huko Mara wanaingia Serengeti na kurudi, wengine wanafika mpaka Ethiopia. Wanafuata mahali wanyama wanapokufa. Hawa ndege wanapanda juu kupita kiasi. Mwaka 1973 tumbusi wa Rüppell aligongana na ndege ya abiria angani mwa Abidjan, zaidi ya mita 11,000 juu. Mpaka wa Namanga kwake ni nini? Kwa hiyo ndiyo, boma lako na langu ni moja.

Monduli_Juu

Basi nisaidie. Juzi fisi wameingia kwa mjomba, wameua kondoo wanne. Mzee kanyamaza, na mzee akinyamaza hivi mimi namjua. Dawa ya kupulizia nyanya iko ghalani.

Moran_Mstaafu

Nenda leo, usingoje kesho. Mizoga iko wapi? Kama ngozi na nyama bado vipo, fukieni kwa kina na mweke mawe juu, au chomeni, asibaki na kitu cha kutia dawa. Ile dawa ya nyanya mwombe akuuzie, mwambie una nyanya zako. Halafu niambie fisi alipitia wapi.

Monduli_Juu

Mlangoni.

Simanjiro_Kwanza

Nitumie ujumbe wa faragha. Nina fundi anayetengeneza milango ya mabati ya boma, yuko Makuyuni wiki hii.

Mgogo_Halisi

Huyo fundi anafika Dodoma?